Nilishindania mchumba kwa Kiingereza kisicho na mkia, kwenye uwanja wa ngoma

Wakuu, wa kuamkiwa shikamooni, vijana mambo.

Leo naleta yangu mwenyewe. Nitakayoandika yalinipata mimi, si binamu yangu wala "rafiki yangu mmoja". Kama kuna chumvi, ni ile ya mboga tu. Na shahidi ninaye, yupo hapa pembeni anachambua mchele, nikipindisha kidogo atanirudisha kwenye mstari.

Wale wa "picha tafadhali", miaka ile kamera tuliyoijua ilikuwa ya padri, na padri hakuwa anapiga picha upuuzi.

Kilichonikumbusha haya ni kiongozi mmoja aliyekuja kijijini kwetu wiki iliyopita. Alihutubia juani mpaka suti ikalowa. Tukasikia kuboresha, kuimarisha, kuwezesha, kuhamasisha. Nikakaa pale nikicheka peke yangu, watu wakadhani uzee umeshaanza kunipanda kichwani. Huyu bwana nitamrudia mwishoni.

Twendeni miaka ya sabini.

Kijiji chetu kiko kati ya Ushirombo na Katoro. Jina nalihifadhi kwa sababu wajukuu wa wahusika wamo humu jukwaani, na wengine ni wabishi kuliko babu zao. Ilikuwa nchi ya ng'ombe, pamba na mihogo. Kisukuma nyumbani, Kisumbwa kwa majirani, Kiswahili kwenye mikutano. Kiingereza kilikuwa kinapita barabarani ndani ya Land Rover, vioo vimefungwa.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwenye shule ya mapadri. Kazi sina, suruali ya maana moja, kichwa kimejaa Kiingereza.

Sasa niwaeleze hicho Kiingereza chenyewe, maana ugonjwa ulianzia hapo.

Kiingereza kina kitenzi kinachovaa "to" mbele, kama sisi tunavyovaa "ku". Kula ni "to eat". Kwenda ni "to go". Mwalimu wetu alikuwa anatuimbisha hivyo asubuhi nzima. To eat, to go, to sit, to bring. Kisha ate, went, sat, brought. Hakuna aliyetuuliza kula kwa nani, kwenda wapi, kukaa juu ya nini.

Kumbe wenye lugha hawasemi hivyo. Wakitaja kitenzi, nyuma yake wanakifungia mkia: to the market, with a knife, from Mwanza, for my mother. Mkia ndio unaokwambia mnyama gani amepita. Chukua "to look". Ukiweka mkia wa "at", unatazama. Ukiweka "for", unatafuta. Ukiweka "after", unalea. Mimi nilikuwa na kundi zima la vitenzi, vyote vimekatwa mikia, na nilivichunga kwa maringo.

Haya nayajua leo. Wakati ule nilijiona bingwa.

Kijijini kulikuwa na bingwa mwingine, jina lake Maduhu. Huyu darasa hakulikalia sana. Alikuwa amepika kwa Mzungu mmoja kule Geita, enzi za machimbo ya zamani ya dhahabu, kabla hayajafungwa. Alirudi na kofia ngumu ya mgodini, akawa anaivaa kila mahali, hadi msibani.

Kiingereza chake alijifunza kwa kufokewa. Kwa hiyo alichojua ni kufoka. Put it on the table! Get out of the kitchen! Take your hands off the bread! Akikuamkia asubuhi, unahisi umeiba kitu.

Mimi nilikuwa namdharau kwa kuwa hajui "went" ni ya jana. Yeye alikuwa ananidharau kwa kuwa sijawahi kutukanwa na Mzungu.

Sasa wakuu, kati yetu sisi wawili alikuwepo Kabula.

Kabula alikuwa binti wa Mzee Masanja, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alikuwa amemaliza darasa la saba, ana macho ya kucheka hata akiwa amenuna. Nilimpenda. Siyo kumpenda kwa kupita, nilimpenda mpaka nikawa nakosea njia ya kwetu. Na Maduhu naye alikuwa anapita pale kwao na kofia yake, jioni, eti anaulizia bei ya mbuzi.

Mzee Masanja alikuwa na donda moja moyoni.

Msimu uliotangulia alikuja mtaalamu wa pamba, Mzungu, akasimama shambani kwake. Mkalimani alikuwa amebaki nyuma, anahangaika na gari lililokwama. Mtaalamu akaanza kuuliza maswali. Mzee, kwa heshima ya Kisukuma kwa mgeni, akawa anajibu neno moja tu alilolijua: "Yes." Kila swali, yes. Wakaagana vizuri, wakapeana na mikono.

Baada ya muda likaja trekta. Likapita katikati ya viazi vitamu vya mke wake. Kumbe alikuwa amekubali shamba la mfano.

Mama Kabula alinyamaza wiki nzima, na mwanamke wa Kisukuma akinyamaza wiki nzima, mzee wa nyumba hulala na ndama. Hapo ndipo Mzee Masanja alipoapa mbele ya watu.

"Mkwe wangu lazima ajue Kiingeleza. Asiyejua, asilete hata jogoo hapa."

Mimi nikafurahi. Maduhu akafurahi. Kila mmoja alijua ameshaoa.

Tatizo likawa moja. Nani atapima? Kijiji kizima hakuna mwenye kujua nani kati yetu anajua.

Tulimwendea Mzee Kanji, Mhindi mwenye duka la nguo na chumvi pale senta. Kila siku alikuwa anapokea mizigo, tukadhani yeye ni hakimu tosha. Akatikisa kichwa.

"Mimi iko jua Kiingereza ya gunia tu," alisema. "To Mwanza. From Mombasa. By train. Zaidi ya hapo hapana jua, na hapana taka jua. Nyinyi taka kitambaa ya sare?"

Hata jibu alikuwa anatuuzia.

Basi wazee wakakaa wakaamua kwa njia wanayoijua. Mlio nje ya Usukuma niwaambie: kwetu, baada ya mavuno, watu wakiwa wanauza pamba, kuna mashindano ya ngoma. Kundi la Wagika upande huu, la Wagalu upande ule. Uwanja mmoja, muda mmoja, wote wanapiga pamoja. Hakuna jaji wala maksi. Watu wanatembea kwa miguu yao kwenda kwenye ngoma iliyowavuta. Mwenye watu wengi, kundi lake limeshinda, na mshindi anachukua kilichowekwa. Ukishashindwa huna rufaa, maana huwezi kukatia rufaa miguu ya watu.

Wakasema Kiingereza nacho kichezwe hivyo hivyo.

Atakayevuta watu ndiye anayejua Kiingereza, na atakayeshinda atamchukua Kabula. Mzee Masanja akalitamka hilo hadharani, wazee wakaitikia, likawa limepita. Hakuna aliyeona kasoro. Hata mimi msomi nilikubali, nikakimbilia kununua kitambaa cha sare kwa Mzee Kanji. Nilimkuta Maduhu anatoka.

Wote tulinunua. Mzee Kanji alikuwa amefanya biashara ya mwaka.

Aliyekuwa hajaulizwa ni Kabula peke yake.

Nilimfuata. Alikuwa nje ya ghala la kijiji na mama yake, wanachambua pamba kabla ya kupimwa. Mliolima pamba mnajua: nyeupe safi huku, chafu yenye madoa kule, hiyo ndiyo fifi, bei yake ya kuhurumiana. Nikachuchumaa kando yake. Mama yake akajifanya ana kazi mbali kidogo.

Nikamwambia nitashinda. Kisha nikamwaga Kiingereza. Nikamwambia "to love". Nikamwambia "to marry". Nikamalizia na "to live".

Akaniangalia.

"Maana yake nini?"

Nikamfasiria. Kupenda. Kuoa. Kuishi.

"Haya," akasema. "Kunioa nimesikia. Unioe unipeleke wapi? Nikae na nani? Tule kwa jembe la nani?"

Nikatafakari, nikamjibu, "To be happy."

Akachukua bonge la pamba lililokuwa mkononi mwake, zuri kabisa, jeupe, akalitupa upande wa fifi.

Wakuu, nilidhani amekosea kuchambua. Hata nikamwonyesha.

Nikaendelea na maandalizi. Nilikusanya vijana waliopitia shule, nikawapanga kwa sauti, ya juu na ya chini. Mmoja anatoa "to go", kundi linaitikia "went, gone". Filimbi katikati. Tulipoingia "to drink, drank, drunk" mabega yalikuwa yanacheza yenyewe. Kabula alikuwa anapita njia ya kisimani na ndoo yake, anatusikia, anapita.

Maduhu naye alikuwa upande wa pili wa ghala na watu wake. Yeye alileta ndoo, beleshi na pipa. Huko nako Kabula alikuwa anapita, maana kisima kilikuwa kimoja.

Kisha mjomba akasema hakuna ngoma isiyo na dawa. Nikapelekwa kwa mganga wa mvuto, yule anayefanya watu wakimbilie upande wako. Alinikaribisha vizuri, akasikiliza shida yangu, akauliza:

"Hicho Kiingeleza chako kinapigwa kwa mkono au kwa fimbo?"

Nikamwambia kinapigwa kwa mdomo.

Akafikiri sana. Akasema hajawahi kutengeneza dawa ya mdomo mtupu, lakini atajaribu. Akanipa mzizi wa kutafuna asubuhi ya shindano, na masharti kwamba nisisalimiane na mtu mpaka nianze. Ulikuwa mchungu hadi masikio. Baadaye nilisikia Maduhu naye alitafuna mzizi, kwa mganga yule yule. Mzee wa watu naye alikuwa na familia ya kulisha.

Siku ikafika.

Uwanja wa mbele ya ghala ulijaa toka jua halijawa kali. Walikuja watu kutoka vijiji ambavyo hata havikutuhusu. Waliposikia mashindano ya Kiingereza walidhani ni mnyama mpya anayechezewa, maana wengine kwenye ngoma hutoa chatu, wengine nungunungu. Mzee mmoja alikaa mbele kabisa na mkuki wake, akasema anangoja kitolewe.

Mimi na sare yangu kusini. Maduhu na kofia yake kaskazini. Kabula alikaa kati, karibu na lundo la pamba, kando ya mama yake na shangazi yake. Hakuvaa kitu cha sherehe. Aliendelea kuchambua.

Filimbi ikalia.

Nilianza kwa kishindo. To go! Went, gone! To see! Saw, seen! Kundi likaitikia, mabega yakatikisika, watu wakanijia kama mchwa baada ya mvua. Nilimwona Mzee Masanja anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikajua nimeoa.

Ndipo Maduhu akafoka.

"Put the bucket on the head!"

Mtu wake mmoja akadaka ndoo, akaiweka kichwani. Watu wakageuka.

"Jump over the drum!"

Mwingine akaruka pipa, akaangukia mgongo upande wa pili, vumbi likapaa. Kelele zikalipuka. Watu walikuwa wanaona Kiingereza kinafanya kazi! Kinasemwa, mtu anaruka. Kinasemwa, ndoo inapanda kichwani. Changu kilikuwa kinasemwa na hakuna kinachotikisika isipokuwa mabega.

Nikaongeza sauti. Nikawapa "to bring, brought, brought". Kuleta, kuleta, kuleta. Hakuna kilicholetwa. Wakaanza kuondoka, kwanza vijana, kisha kina mama, kisha waitikiaji wangu wawili. Mzee mwenye mkuki aliniangalia kwa huruma, akaubeba mkuki wake akavuka.

Nikabaki na mama yangu mzazi na kondoo aliyekuwa amefungwa kwenye kigingi. Mama alikuwa anapiga makofi peke yake. Kondoo angeondoka kama angefunguliwa.

Nasema ukweli wakuu, nililia. Nilikuwa naimba na machozi yanashuka, kwa sababu nilimwona Maduhu ameshavua kofia anapepea, na Kabula kainamisha kichwa, mkono wake umesimama katikati ya pamba. Nilijua jioni ile atapelekwa kwao Maduhu kwa vigelegele.

Wakati wazee wananyanyuka kutangaza, Land Rover ikaja.

Ilitokea upande wa Ushirombo, ikapunguza mwendo, ikasimama. Akashuka Mzungu mrefu, ameungua pua, mkononi ana karatasi ya ramani ameishika kichwa chini. Nafikiri alidhani ni ajali, watu wale wote na yule kijana mgongo chini.

Watu wakampisha njia. Mzee Masanja macho yakamwaka. Siku yake ya kulipiza viazi ilikuwa imefika, na ana mabingwa wawili.

Tukasukumwa mbele wote.

Mzungu akatabasamu, akasema, na leo nayakumbuka maneno yake neno kwa neno, "Good afternoon. We are trying to get to Geita."

Mimi nilishika "to get". Nilikijua! Nikavuta pumzi, nikamjibu kwa sauti ya darasani:

"Get, got, got!"

Mzungu akamgeukia Maduhu. Maduhu alikuwa ameficha mikono nyuma, maana aliona kama yule bosi wake wa Geita amefufuka. Lakini si mtu wa kukaa kimya. Akakakamaa akafoka:

"Get out of the kitchen!"

Mzungu akarudi hatua nyuma. Akatazama kushoto na kulia. Nadhani alikuwa anatafuta jiko.

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumeaibika kijiji kizima, watu walikuwa wanatazama miguu yao. Mzee Masanja alikaa chini taratibu, na mimi nilimwona mama Kabula anatazama upande yaliko yale mashamba ya viazi.

Ndipo Kabula akasimama. Akakung'uta pamba kwenye kanga, akaenda hadi pale, akamwondolea Mzungu ramani mkononi. Akanyoosha mkono barabarani.

"To Katoro," akasema.

Mzungu akamsogelea.

"From Katoro, to Geita." Akanyoosha mkono tena. "By this road. Over the river." Akaonyesha kushoto, akatikisa kidole. "Not to the kitchen."

Wakuu, hakuwa na kitenzi hata kimoja. Hata kimoja! Ilikuwa mikia mitupu. Lakini Mzungu uso wake ulifunguka. Akauliza kitu kwa kuonyesha mkono, mto uko mbali? Kabula akamjibu, "After the big stones." Mzungu akampa mkono, akamshukuru mara nyingi, akapanda gari, akaondoka kwa njia ileile aliyoonyeshwa.

Baadaye nilimuuliza alivitoa wapi. Alishangaa swali. "To" na "from" kwenye magunia ya Mzee Kanji, ambayo kila mtu wa senta alikuwa anayakalia. "Over" na "kitchen" kwa Maduhu, akipita na ndoo. "Stones" na "river" za darasani kwake mwenyewe. Na kwangu? Kwangu hakuokota kitu cha kumsaidia mgeni.

Lile gari lilipopotea, ulitokea mlio ambao sijausikia tena. Uwanja mzima ulimkimbilia Kabula. Kundi la Maduhu, mzee wa mkuki, aliyeangukia mgongo, mganga wetu sote, hata mama yangu aliniacha akaenda. Nikabaki na kondoo.

Sasa hapo wazee wakapatwa na jambo.

Mmoja wao, mwenye msimamo wa mila, akauliza kwa sauti: "Nani amevuta watu?"

Wakatazamana.

Kanuni ilikuwa wazi na walikuwa wameitamka wenyewe. Mwenye watu ndiye mshindi. Na mshindi anachukua kilichowekwa. Na kilichowekwa ni Kabula.

Walijikuna, wakasogea pembeni, wakarudi. Mwingine akasema mwanamke hakuwa mshindani. Akaulizwa: umeshaona wapi ngoma inayomkataza mtu kuvuta watu? Akarudi kukaa. Kubatilisha shindano kungebatilisha ya miaka yote iliyopita, na kuna watu walikuwa wamechukua ng'ombe kwa kanuni hiyo.

Kabula alikuwa amesimama katikati ya watu, kanga imejaa nyuzi za pamba.

"Baba," akasema, na alisema kwa adabu, "kama mshindi ni mimi na zawadi ni mimi, basi zawadi nimeipokea. Wabeja."

Wabeja ni asante. Shangazi yake akapiga kigelegele, ndiyo ikawa imepita.

Mzee Masanja hakuwa mjinga. Alikaa, akapiga hesabu zake, akanyanyuka na uso mpya. Akatangaza kwamba atamwachia binti achague, lakini Kiingereza sasa kiko nyumbani kwake, hakihitaji tena mkwe wa kukileta. Kwa hiyo anayetaka kuoa nyumba yenye Kiingereza ajiandae, mahari ya asubuhi si mahari ya jioni. Tuliingia uwanjani kutimiza sharti, tukatoka tumepandisha mahari.

Kabula akatuita mimi na Maduhu. Akatuuliza kwa Kiswahili, mbele ya shangazi yake, swali lilelile la ghalani. Kunioa, halafu?

Maduhu alianza yeye. Nitakuweka jikoni. Nitakutoa kwenu. Utakaa kwa mama yangu. Yeye mikia alikuwa nayo, ila yote ilikuwa ya kuburuzia mtu. Shangazi akamshukuru, akamrudishia kofia.

Mimi nikafungua mdomo, "to be" ikanijia, nikaimeza. Nikasema naomba niondoke kwanza.

Nilikwenda kwa Mzee Kanji. Alikuwa anamfungulia mwanawe duka Nyasubi, pale Kahama, na alitaka mtu wa kukaa nalo asiyemwibia. Akaniuliza kama najua Kiingereza. Nikamwambia hapana, mzee. Akanichukua.

Nikaenda kwa baba, nikaenda kwa mjomba, nikaomba kama mtu mwenye shida. Pesa za pamba za msimu ule zilikuwa zimekwisha, ikabidi ningoje nyingine. Nilikuwa naogopa kila siku kusikia ameolewa.

Msimu mwingine nikarudi. Nilimkuta palepale ghalani, anachambua. Nikachuchumaa. Mara hii sikuleta lugha ya mtu.

Nikamwambia: kukuoa, kwa ng'ombe wa baba yangu na wa mjomba, na wengine wangu wa jasho la dukani. Kukaa Nyasubi, kwenye chumba cha nyuma ya duka, kina dirisha kwa upande wa uani. Wewe na cherehani barazani, Mzee Kanji amekubali. Kurudi kwa mama yako kila palizi. Kulala na njaa siku moja moja, pamoja.

Alikuwa na bonge la pamba mkononi, akaligeuzageuza. Nilitazama ule mkono kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote.

Akaliweka upande wa safi.

Hivyo ndivyo Kabula alivyokuwa Mama Shija. Ndiye huyu hapa anachambua mchele, na ananiambia nimesahau kuandika kwamba dirisha lenyewe lilikuwa bovu.

Sasa nimrudie yule kiongozi wa wiki iliyopita.

Alipomaliza kuboresha na kuimarisha, akafika kwenye "kuleta maji". Watu wakapiga makofi. Mama Shija alikuwa nyuma kabisa na kiti chake cha plastiki. Akanyoosha mkono, akasimama polepole, magoti yake siku hizi yana maneno.

"Shikamoo mheshimiwa... au niseme marahaba, mwanangu. Kuleta maji tumesikia. Kutoka wapi? Mpaka mlango wa nani? Kwa bomba la nani? Kabla ya mvua zipi?"

Mheshimiwa akajibu kwamba serikali imedhamiria kuhakikisha.

Nikaona kiti cha kwanza kinageuka. Kikafuata cha pili. Mkutano mzima ukageuza viti ukamtazama Mama Shija, wakaanza kumuuliza yeye hilo bomba angelipitisha wapi, na yeye akaanza kuwaonyesha kwa mkono. Yule bwana alibaki na kipaza sauti, na msaidizi wake ambaye hakuwa na namna ya kuondoka.

Nilimwonea huruma. Nilitaka kwenda kumwambia kwamba kondoo nao ni watu.

Funzo langu, wakuu, ni dogo. Kitenzi peke yake hakimlishi mtu, kiwe cha Kiingereza au cha kwetu. Wanaojifunza lugha, acheni kukariri vichwa, sikilizeni watu wanavifungia mikia gani. Na mabinti humu, mtu akikwambia "kukuoa", mwache amalize sentensi.

Uwanja ni wenu. Mwenye swali aulize, mwenye kubisha abishe, na mwenye kitenzi alichoahidiwa kikaishia hewani akimwage hapa tumtafutie mkia.

Mimi naitwa nikale. Nimejibu "nakuja".

Ameuliza lini.